Habari ya Otojiro ya Kamba

Katika kurasa hizi walimu wenzetu wamekwisha kuandika habari za safari, za mashamba ya shule, na za mila za wazee wetu. Sisi leo twaomba ruhusa ya kueleza habari ya mchezo. Huenda msomaji akauliza, "Mtu mzima, tena mwalimu, ana haja gani na mchezo?" Twamsihi avumilie mpaka mwisho, maana jambo tulilojifunza katika mchezo huo hatukulipata chuoni, ijapokuwa chuoni tulikaa miaka, na vyeti tunavyo.

Mwezi wa Septemba mwaka 2018 tulipelekwa Uingereza kwa masomo ya ualimu ya miezi tisa. Tulipewa chumba katika nyumba ya mzee mmoja, mgane, aliyekuwa zamani mwalimu wa useremala. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi kutajwa. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane, na makao yake yalikuwa katika kijiji cha Bedfordshire, nchi ya mashamba ya ngano na malisho ya kondoo. Nyuma ya nyumba palikuwa na kibanda cha mbao, na kila jioni baada ya chakula aliingia humo akafunga mlango. Usiku wa kwanza tulidhani amekwenda kusali, kwa jinsi alivyokuwa kimya. Hata siku ya nne akatuita.

Mezani palikuwa na eropleni ndogo, urefu wake wapata sentimita tisini. Haikuwa na mabawa. Mahali pa mabawa palisimama mlingoti mfupi, na juu yake mapanga matatu membamba ya mti yaliyoenea pande zote, kama makuti matatu juu ya mnazi mchanga.

"Hii ni otojiro," akanena. "Huruka ikiwa imefungwa kamba. Nimeitengeneza majira mawili ya baridi, na sasa sina mtu wa kuirusha."

Tukamwuliza sababu. Akasema kwamba rafiki yake, waliyezoea kurusha pamoja tangu ujana, alifariki mwaka uliotangulia. Na yeye mwenyewe ana ugonjwa wa sikio la ndani, hata akizunguka mara mbili tu, ardhi humkimbia miguuni. Na mrushaji wa kamba hana budi kuzunguka, kama msomaji atakavyoona.

Kwanza yatupasa kueleza otojiro ni kitu gani, maana wengi huichanganya na helikopta. Katika helikopta injini ndiyo izungushayo mapanga ya juu, nayo huuvuta upepo kutoka juu na kuusukuma chini. Katika otojiro kazi ya injini ni kuzungusha rafadha iliyo puani, ili chombo kiende mbele, basi. Mapanga ya juu yameinamishwa nyuma kidogo; chombo kiendapo, upepo hupita kati yake kutoka chini kwenda juu, na upepo huo ndio uyazungushao. Nayo yakiisha kupata kasi, hukibeba chombo kama bawa. Mtoto wa pwani aliyewahi kukimbia na kile kichezeo cha ukuti kizungukacho kwa upepo amekwisha kuionja kanuni hiyo mkononi mwake. Faida yake ni hii, kwamba injini ikizimika angani mapanga hayasimami. Chombo huanza kushuka, na upepo wa kule kushuka huendelea kuyazungusha, hata kikafika chini taratibu, mfano wa mbegu yenye bawa ianguke mtini.

Aliyeigundua njia hiyo ni Mhispania, Juan de la Cierva, mzaliwa wa Murcia mwaka 1895. Mwaka 1919 eropleni yake kubwa ya injini tatu ilianguka ikavunjika, kwa sababu rubani alipunguza mwendo mno karibu na ardhi, na mabawa yakakosa nguvu ya kuibeba. Tangu siku ile Cierva alitafuta chombo ambacho hakitaanguka kwa ajili ya kwenda polepole. Alitengeneza cha kwanza, kikapinduka. Cha pili na cha tatu navyo havikufaulu. Sababu ilikuwa hii. Mapanga yazungukapo na chombo kikienda mbele, lile lielekealo mbele hukutana na upepo mkali, na lile lirudilo nyuma hukutana na upepo dhaifu. Ni kama watu wawili wa baisikeli, mmoja akiukabili upepo na mwenziwe akienda nao: upepo ni mmoja, lakini nyuso zao hazionji nguvu moja. Basi upande mmoja wa chombo huinuka, wa pili huzama, nacho hulala ubavu.

Na ajabu ni kwamba alikuwa na chombo kidogo cha mfano, cha kuchezea, ambacho kiliruka vizuri bila kupinduka. Alipochunguza akaona kwamba mapanga ya kile kidogo yalikuwa ya henzirani, nayo yalipinda yenyewe: lile lililopata upepo mwingi liliinuka kidogo, lililopata upepo mchache likashuka, na chombo chenyewe kikabaki sawa. Katika vyombo vikubwa alikuwa ameyakaza mapanga yasiweze kupinda. Ndipo akayafunga kwa bawaba, kila panga liwe na ruhusa ya kuinuka na kushuka, na mwezi wa Januari 1923, katika uwanja wa Getafe karibu na Madrid, otojiro yake ya nne ikaruka. Henzirani hiyo ni ile ile tuijuayo sisi walimu kwa kazi nyingine. Siku tuliyoelezwa habari hii tulicheka, baadaye hatukucheka.

Jumamosi moja mwenyeji wetu alituchukua mpaka makumbusho ya Duxford, karibu na Cambridge, tukaitazama otojiro ya kweli, Cierva C.30A, ya mapanga matatu yenye upana wa futi 37 kutoka ncha hata ncha. Nyingine za namna hiyo zilitumiwa na jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili katika kazi ya kupimia mitambo ya rada. Hapo akatueleza kwamba Cierva mwenyewe aliivuka bahari ya Mfereji kutoka Uingereza hata Ufaransa kwa otojiro yake tarehe 18 Septemba 1928, akafika salama. Kisha tarehe 9 Desemba 1936 alipanda eropleni ya kawaida ya abiria katika uwanja wa Croydon, palipokuwa na ukungu. Ilianguka ilipokuwa ikiondoka, naye akafa. Mtu aliyetumia maisha yake kutafuta chombo salama alikufa katika kile cha watu wote. Mzee aliyasema hayo bila kuongeza neno, tukaenda kunywa chai.

Sasa tueleze kamba. Mrushaji husimama katikati ya uwanja, na mkononi ana kishikio. Katika kishikio hutoka nyaya mbili nyembamba za chuma, urefu wake kama mita 16, nazo hufika katika ubavu wa kushoto wa eropleni. Ndani ya eropleni zimefungwa kwenye kipande cha pembetatu kichezacho juu ya msumari mmoja, na katika kipande hicho hutoka kijiti kiendacho hata mkiani. Mrushaji akikiinamisha kishikio nyuma, waya wa juu huvutwa, usukani wa mkia huinuka, na eropleni hupanda. Akikiinamisha mbele, hushuka. Kwenda kulia au kushoto hakumhusu, kwa kuwa kamba zimekwisha kumwamulia: eropleni huzunguka duara, naye huzunguka pamoja nayo. Ufundi huo ulienea kutoka Marekani. Jim Walker wa Portland, katika jimbo la Oregon, alianza kuuza eropleni yake iitwayo Fireball mwaka 1940, akapewa hataza ya njia hiyo. Lakini katika miaka ya 1950 ilithibitika mahakamani kwamba mtu mwingine wa Oregon, Oba St. Clair, alikuwa amekwisha kuirusha ya namna hiyo kabla yake.

Walimu wa hesabu watapenda kujua ni nini kizuiacho kamba zisilegee, maana kamba ikilegea kishikio hakina amri tena. Kikazacho kamba ni mwendo wenyewe, kama jiwe la teo lizungushwalo. Duara la mita 16 kutoka katikati lina mzunguko wa mita 100 hivi. Eropleni ya gramu 900, ikienda mita 20 kwa sekunde, humaliza duara kwa sekunde tano, na huuvuta mkono kwa uzito upatao kilo mbili na robo. Ikienda mita 10 tu kwa sekunde, mvuto hauwi nusu. Huwa robo, yaani kilo nusu na ziada kidogo. Hapo ndipo ilipo hatari ya otojiro ya kamba. Uzuri wake wote ni kwenda polepole, na kamba haipendi chombo kiendacho polepole. Kwa hiyo mtengenezaji huielekeza injini nje ya duara kidogo, huupinda usukani wa nyuma kuelekea nje, hutia kipande cha risasi upande wa nje, na kuchagua upande wa kuzungushia mapanga, ili kila kitu kisaidie kuzivuta kamba.

Majira ya baridi yote mzee alitufundisha kwa eropleni ya kawaida yenye mabawa. Mambo aliyotuamuru yalikuwa machache. Tusirushe kamwe karibu na nyaya za umeme, hata zikionekana ziko mbali. Kila mara kabla ya kurusha tuzivute kamba kwa nguvu kuliko zitakavyovutwa angani, na kishikio tukifunge mkononi kwa kitanzi. Tusiitazame miti wala nyumba, tuitazame eropleni peke yake, maana atazamaye vitu vya nyuma hupata kizunguzungu. Tusipinde kiganja, tuinue mkono mzima, kwa kuwa kiganja cha mwanafunzi hufanya zaidi ya lililotakiwa. Na la mwisho, wakati wa upepo tusiipandishe eropleni upande upepo utokako, kwani huko upepo huisukuma ije kwetu na kamba hulegea. Tuipandishe upande upepo uendako.

Injini ilikuwa ndogo, ya kuweza kufichwa kiganjani, na mafuta yake aliyachanganya mwenyewe: etha, mafuta ya taa, na mafuta ya mbarika. Siku ya kwanza ilipowaka tulisikia harufu ya mbarika iliyoungua, tukakumbuka ua wa nyuma wa nyumba yetu, na mama yetu amesimama na kijiko cha dawa ya tumbo. Hatukutazamia kukutana na mbarika huko, tena katika chombo kirukacho.

Mwezi wa Aprili 2019 mzee akasema tumefuzu. Tulikwenda katika malisho ya kondoo kwa ruhusa ya mwenye shamba. Mzee aliviringa uzi katika mlingoti wa mapanga, kama mtoto aviringavyo uzi katika pia, akauvuta kwa nguvu, na mapanga yakaanza kuimba. Cierva naye, katika otojiro zake za kwanza, alitumia kamba ya namna hiyo, ikavutwa na watu wengi. Kisha akaiachia otojiro na kujiondoa nje ya duara.

Ilikimbia juu ya majani hatua chache tu, ikainuka. Twakiri kwamba furaha tuliyoipata wakati ule hatuwezi kuiandika. Ilizunguka mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mapanga yaking'aa kama duara la maji. Katika mzunguko wa nne upepo ulivuma. Tuliona otojiro inashuka, tukaogopa, na kwa woga tukainamisha kishikio nyuma kwa kiganja. Nayo ilikuwa upande upepo utokako. Ikapanda, mwendo ukapungua, kamba zikalegea mkononi mwetu kama uzi wa tiara uliokatika. Tungepaswa kurudi nyuma mbio ili kuzikaza. Tulisimama tu. Ikaanguka ndani ya duara, hatua kumi na mbili kutoka miguu yetu, na sauti ya mapanga yakivunjika twaisikia hata leo.

Mzee alikuja juu ya majani polepole na fimbo yake. Wakati akija, sisi tulikuwa tukiyapanga maneno. Tulikuwa tumekwisha kumpata mkosaji, naye ni upepo. Alifika, akainama kwa taabu, akaokota kipande kimoja cha panga, akakitazama pale kilipovunjikia. Ndipo akatuuliza:

"Umeona nini?"

Tukaanza kusema, "Bwana, upepo..."

"Sikuulizi kosa la nani," akasema. "Nauliza umeona nini. Mimi nilikuwa nimefumba macho, maana nikiifuata kwa macho ikizunguka huanguka. Sasa macho yangu ni wewe."

Basi hatukuwa na njia ila kusema tuliyoyaona: kwamba kamba zililegea kwanza, ndipo ikaanguka, kwamba tuliipandisha upande tuliokatazwa, kwamba tulitumia kiganja, kwamba hatukurudi nyuma. Yeye alitoa daftari mfukoni akaandika tarehe, upepo, na yale tuliyosema, bila jina la mtu. Usiku alituachia daftari lile tulisome. Lilikuwa kuukuu, la miaka mingi, nasi tulihesabu ndani yake ajali arobaini na moja. Katika zote hapakuandikwa aliyekosa. Paliandikwa kilichoonekana, na chini yake kilichobadilishwa.

Usiku ule hatukulala, wala si kwa ajili ya otojiro. Tulikuwa twamkumbuka mwanafunzi mmoja.

Mwaka 2012, tulipokuwa tumeanza kazi ya ualimu, shule yetu ilikuwa na hadubini moja tu, tena iliyopatikana kwa taabu. Siku moja kijana wa kidato cha pili alikuwa akiitumia, ikaanguka sakafuni, kioo chake kikapasuka. Tulipoingia, neno letu la kwanza lilikuwa, "Nani?" Wenzake wakamwonyesha. Akafungua kinywa kutaka kusema, tukamwambia anyamaze. Tulimtia adhabu mbele ya darasa kwa henzirani, tukamwambia asiingie tena katika chumba kile mpaka baba yake alipe. Baba yake alikuwa mvuvi wa ngalawa ya kukodi. Yule kijana alikuja shuleni siku mbili zaidi, kisha hakuja tena.

Na hili hatujamwambia mtu mpaka tulipomwambia mzee yule. Baada ya mwezi mmoja tuliegemea meza ile ile, ikainama. Mguu wake mmoja ulikuwa umelegea, na sisi ndio tulioiweka hadubini juu yake. Tulichukua nyundo, tukaukaza mguu, tukanyamaza. Tulijiambia kwamba jambo limekwisha kupita, na kwamba mwalimu akikiri kosa mbele ya watoto heshima yake hupungua. Mithali ya kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi tulikuwa tumeiandika kwa mkono wetu ubaoni mara nyingi, lakini tuliiandika kwa ajili ya insha.

Asubuhi tulimweleza mzee habari hiyo yote. Alisikiliza, akamimina chai. Hakutulaumu wala hakutufariji. Alisema tu, "Kijana yuko hai?" Tukasema twadhani yu hai. "Basi," akasema, na akainuka kwenda kibandani.

Tuliitengeneza otojiro kwa majuma manne. Mapanga matatu mapya tuliyachonga sisi, naye akatuelekeza: kwanza randa, kisha msasa, kisha kuyapima katika mizani yawe sawa, maana panga moja likizidi uzito mlingoti wote hutetemeka. Bawaba zake tulizilegeza kidogo, kwa kuwa tulipochunguza tuliona mbili zilikuwa zimekaza kwa gundi. Uzito wa risasi tuliuongeza, na injini tukaielekeza nje kupita awali. Yote hayo yakaandikwa katika daftari, chini ya ajali ya arobaini na mbili.

Jioni moja ya mwisho wa Mei, pepo zikiwa zimetulia, tukarudi malishoni. Mzee akavuta uzi, akaiachia, akajiondoa, akafumba macho na kusimama akiegemea fimbo. Safari hii mkono wetu ulikuwa mzito kama alivyotufundisha. Otojiro ilipanda ikafika usawa wa kifua, ikakaa hapo, na kila sekunde tisa au kumi ilimaliza duara lake. Tulihesabu mizunguko ishirini na miwili. Katika mzunguko wa ishirini na tatu injini ikazimika. Palikuwa na kimya, na ndani ya kimya kile sauti ya mapanga peke yake, laini, kama mtu apepetaye mchele chumba cha pili. Tukarudi nyuma hatua tatu, kamba zikakaa mkazo, nayo ikashuka bila haraka, ikagusa majani, ikatembea pungufu ya hatua moja, ikasimama.

Tulipomtazama mzee, macho yake yalikuwa bado yamefumbwa, naye alikuwa akitabasamu. "Nimeisikia," akasema. "Usinieleze bado."

Tulirudi nyumbani mwezi wa Juni 2019. Kazi ya kwanza tuliyoifanya, kabla ya kufungua masanduku ya vitabu, ilikuwa kumtafuta kijana yule. Tulimpata mjini, chini ya mwembe, akitengeneza pikipiki. Alikuwa mtu mzima, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi. Alitutambua mara moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Alitupa kigoda tukaketi, yeye akaendelea na kazi. Tukamwambia habari ya mguu wa meza. Tukamwambia kwamba kosa lilikuwa letu, kwamba tulijua tangu mwezi ule, na kwamba tumekuja kumwomba radhi. Alikuwa akikaza nati, akaikaza mpaka mwisho, kisha akafuta spana kwa kitambaa.

"Mwalimu," akasema, "mguu wa meza nilitaka kukuambia siku ile ile."

Hatukuwa na la kujibu. Tulikaa pale mpaka akamaliza kazi yake. Tulipoinuka alituuliza kama ile hadubini ilipata kioo kingine. Tukasema ilipata. Akasema, "Vyema." Tulimwomba aje shuleni siku moja awaonyeshe vijana jinsi injini ifanyavyo kazi, akasema ataangalia nafasi. Hajaja, nasi hatumlaumu. Huenda akaja, huenda asije. Hilo si letu kuliamua.

Mzee alitupa kile kishikio wakati wa kuagana, na sasa kimetundikwa ukutani katika chumba cha sayansi. Chini yake pana daftari. Kitu kikivunjika, aliyekuwapo huandika tarehe, alichokiona, na kilichobadilishwa, jina haliandikwi. Maandishi ya ukurasa wa kwanza ni yetu, nayo yasema kwamba mwaka 2012 hadubini ilianguka, mguu wa meza ulikuwa umelegea, na mwalimu hakuuliza.

Walimu wenzetu, hatusemi kwamba adhabu haina mahali pake, wala hatusemi kamba zikatwe. Otojiro isiyo na kamba ingepotea siku ya kwanza. Twasema kwamba kamba hushika vizuri ikiwa mkono ulioishika una subira, na kwamba panga lililokazwa lisiweze kupinda hukipindua chombo kizima. Kitu kikivunjika darasani kwenu, lifikirieni neno la kwanza litokalo kinywani. Sisi lilitugharimu mwanafunzi.